Nyumba ya Kale Ikila Njia: Jiwe Libaki, Hati Isihame

"Simile! Simile!" Sauti inatangulia, mkokoteni unafuata. Hamali amepakia mifuko sita ya saruji, na kichochoro cha Mkomani, mtaa wa Lamu, anachopita, hapo penye nyumba ya mawe yenye baraza ndefu, kinabana hadi gurudumu linakwaruza ukuta wa upande wa pili. Barazani wameketi wazee watatu. Hakuna anayesimama. Wanainua miguu, mkokoteni unapita, wanaishusha, na mazungumzo yanaendelea pale yalipokatikia.

Mji wa Lamu umeishi hivyo miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ungali unaishi hivyo: njia ikibana, mtu anainua miguu. Shida huanza siku makaratasi yanapoingia. Nyumba inauzwa, msoroveya anakuja na mashine yake ya miguu mitatu, na ramani inatoka ikionyesha kwamba baraza yote, kona moja ya ukuta na nguzo ya kuegemeza iliyo nyuma zimo nje ya ploti. Zimo njiani. Nyumba imekula njia. Mnunuzi anaingiwa na hofu na pesa zake. Jirani mwenye kinyongo cha siku nyingi anapata pa kushikia. Afisa wa kaunti anasema bomoa. Afisa wa Makavazi ya Taifa, taasisi ya serikali inayolinda urithi, anasema ukigusa jiwe moja utashtakiwa. Kila mmoja ana karatasi mkononi, na la kushangaza ni kwamba kila mmoja ana sheria ya kuitaja.

Fundo hili linafunguka, ila si kwa kulivuta upande mmoja. Nitasema mapema ninakosimama. Naona mambo mawili yamesokotwa pamoja ambayo yalipaswa kuwa mbalimbali: jiwe kusimama mahali lilipo, na mtu kumiliki mahali hapo. La kwanza mara nyingi linaweza kuruhusiwa, na katika mji kama Lamu linapaswa kuruhusiwa. La pili haliwezekani, wala lisijaribiwe.

Vinavyotokeza si vya aina moja

Neno "uvamizi" linavikusanya vitu visivyo na undugu, kwa hiyo tuvitaje kwa majina yake.

Daka ni ukumbi mdogo wa mlangoni kwenye nyumba ya mawe, wenye viti vya mawe kushoto na kulia, ambapo mgeni husubiri kabla ya kukaribishwa. Mara nyingi daka limeingia ndani ya mstari wa ukuta. Hapo nyumba imeipa njia nafasi, haikuichukua, na hakuna kesi. Baraza ya nje ndiyo inayotokeza. Wikio ni jambo jingine kabisa. Hilo ni chumba au ujia uliojengwa juu ya njia, kutoka ghorofa ya nyumba moja hadi ya pili, ili watu wa ukoo mmoja, hasa wanawake, watembeleane bila kushuka mtaani. Chini yake njia iko wazi na ina kivuli. Kilichowezesha wikio ni boriti ya mkoko. Boriti moja hubeba dari ya upana wa kama mita mbili na nusu. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, na ndiyo sababu kichochoro, ambacho ni chembamba kuliko chumba, kiliweza kuvukwa kwa boriti zile zile.

Kisha kuna nguzo za kuegemeza. Ukuta wa matumbawe na chokaa, wenye unene wa kama nusu mita, hubeba dari nzito ya mawe na chokaa. Paa likivuja, maji huingia pale vichwa vya boriti vilipozama ukutani, vichwa vinaoza, ukuta unapoteza mshiko na kuanza kutoa tumbo nje. Mwenye nyumba wa zamani hakuita mhandisi. Alimwita fundi, naye akajenga nguzo nene ya mawe chini ya tumbo hilo, njiani. Nguzo hiyo inakula njia, hilo halina ubishi. Lakini pia ndiyo inayoizuia nyumba isiwaangukie wanaopita.

Mwisho kuna vya juzi: choo cha matofali kilichobandikwa nyuma, shimo la maji machafu lililochimbwa katikati ya kichochoro, ngazi ya saruji ya kupandishia wageni wa kulala, mashine ya baridi inayodondoshea wapita njia maji. Vitu hivi vimegusana na nyumba ya kale, basi wenyewe huviingiza katika hesabu ya urithi. Havimo.

Kuvitenga si kazi ya kubahatisha. Kwangua lipu kidogo kwa ncha ya msumari, kwa ruhusa ya mwenyewe. Chokaa ya kale hutoka unga mweupe wenye chembe za matumbawe, na juu yake tabaka za chokaa ya kupaka zinaweza kuhesabika kama kurasa. Saruji hukwaruzika kwa shida na kuacha vumbi la kijivu. Huo hautoshi kuwa ushahidi, maana baraza ya zamani inaweza kuwa imepigwa lipu ya saruji juu. Kwa hiyo tafuta picha za zamani, tafuta michoro ya wasanifu walioupima mji miaka ya 1970 na 1980, na muulize mtu mzima wa mtaani alikaa wapi akiwa mtoto. Kwa jambo la baraza, ushahidi wa aliyewahi kuikalia una uzito.

Kabla ya ramani kulikuwa na kanuni

Wapo wanaodhani kwamba zamani kila mtu alijenga apendavyo, na kwamba utaratibu uliletwa na serikali ya kikoloni. Si kweli. Mwambao huu unafuata madhehebu ya Shafii, na wanazuoni wake waliliandikia jambo hili kwa undani ambao sheria zetu za leo hazijaufikia.

Iko hadithi katika Bukhari na Muslim kwamba watu wakihitilafiana kuhusu njia, ifanywe dhiraa saba, yaani mita tatu na kitu. Vichochoro vingi vya Lamu havifiki hapo. Ila hadithi hiyo ni ya watu wanaogombana wakati wa kuitenga njia. Waliokwisha kuridhiana mapema juu ya njia nyembamba hawakuvunja chochote.

Imamu Nawawi, aliyeishi Sham katika karne ya 13 na ambaye kitabu chake cha sheria za dini, Minhaj, kimesomeshwa katika darasa za pwani hii vizazi kwa vizazi, anagawa njia mafungu mawili. Ipo njia inayopenya, na ipo isiyopenya. Njia inayopenya ni ya watu wote, na hakuna anayeruhusiwa kuifanyia la kuwadhuru wapitao. Ukitaka kutokeza roshani au wikio juu yake, liinue kiasi ambacho mtu atapita chini yake amesimama wima. Na kama ni njia ya misafara, liinue ngamia apite na shehena yake. Kwa kichochoro kisichopenya, hukumu ni nyingine: hicho ni cha wale ambao milango yao inafungukia humo, na hata mmoja wao hatokezi kitu bila idhini ya wenziwe. Tofauti hiyo bado ina kazi leo. Kabla hujafungua faili lolote, simama mwanzo wa kichochoro utazame kama kinatokea upande wa pili.

Lipo moja zaidi, nalo huwashangaza wengi. Juu ya kujenga kiti cha mawe katika njia inayopenya, kauli yenye nguvu kwa Nawawi ni kwamba haifai, na kauli ya pili, anayoitaja kama kauli dhaifu, inaruhusu ikiwa hakuna dhara. Neno analotumia ni dakka, ambalo sikio la mtu wa Lamu halikosi kulitambua. Basi kwa ukali wa kitabu, nusu ya baraza zetu zina mgogoro tangu siku ya kwanza, na watu wa mwambao, wakiwemo masheikh waliodarisisha kitabu hicho hicho, walizijenga na wakazikalia. Sioni kwamba walipuuza dini. Naona walichukua kipimo cha dhara wakakitazama katika mji wao: baraza inapumzisha mgonjwa na mzee, inamkinga mpita njia na maji ya mvua yanapojaa kichochoroni, inampa hamali pa kutua mzigo. Tena wakaishurutisha kwa mwenendo. Ipo hadithi nyingine mashuhuri, ya kwamba anayekaa njiani aipe njia haki yake: ainamishe macho, aondoe udhia, ajibu salamu, aamrishe mema na akataze maovu. Wazee wale wanaoinua miguu wanailipa haki hiyo, kila mkokoteni ukipita.

Sheria mbili zinazotazamana

Tuje kwenye sheria za nchi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 62, inazihesabu barabara na njia zilizowekwa kisheria kuwa ardhi ya umma, inayoshikwa kwa amana ya wananchi, na inasema ardhi hiyo haiwezi kutolewa ila kwa utaratibu wa sheria ya Bunge. Afisa wa kaunti anayesema bomoa anasimama hapo.

Upande wa pili kuna Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya 2006. Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi tangu 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia: eneo la takriban hekta 16 tu, ambalo mtu mzima analizunguka kabla jua halijamchosha. Ndani ya eneo hilo hubomoi, hubadilishi wala huongezi bila idhini. Afisa wa Makavazi naye anasimama hapo.

Wanasheria hupenda kuuliza ipi inaishinda nyenzake. Kwangu swali hilo limekosewa. Kilichohifadhiwa Lamu si nyumba moja moja. Ni mji, na mji ni pamoja na njia zake. Kichochoro kinachopinda, kinachobana hapa na kupanuka kule, kinachopita gizani chini ya wikio kisha kutokea juani, nacho ni urithi kama ulivyo mlango wa nakshi. Kwa hiyo afisa wa urithi anayetetea ngazi ya saruji iliyobana njia hautetei urithi. Na afisa wa kaunti anayebomoa baraza ya kale ili kichochoro kinyooke, naye ameiharibu njia aliyosema anailinda.

Kinachopotosha zaidi ni hoja ya muda. "Baraza hii ina miaka mia na hamsini, nani ataniondoa?" Kwa ardhi ya mtu binafsi, Sheria ya Ukomo wa Mashtaka ya Kenya inampa nguvu aliyekaa miaka 12 bila idhini na bila kupingwa. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinaitoa ardhi ya serikali katika hesabu hiyo. Njia ya umma haiivi kwa kukaliwa. Umri wa baraza unathibitisha kwamba ni ya kale na inastahili ulinzi. Hauthibitishi kwamba ardhi iliyo chini yake ni ya mwenye nyumba. Watu wengi, hata mawakili, huzichanganya hoja hizi mbili, na hapo ndipo kesi zinapodumu mpaka waliozifungua wakafa.

Kinyume chake pia hutokea: hati miliki yenyewe inaonyesha kipande cha njia kuwa ndani ya ploti. Mwambao una historia yake katika hili. Kuanzia sheria ya hati za ardhi ya 1908 watu walitakiwa kudai ardhi zao rasmi, na isiyodaiwa ikawa ya Ufalme wa Uingereza. Ramani zilizofuata zilichorwa na watu ambao hawakujua kwamba chini ya wikio kuna njia. Ukiipata hati ya namna hiyo usidhani umeokoka. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inatambua haki za kupita zilizokuwapo wakati wa usajili wa kwanza hata kama hazikuandikwa katika hati, na hati iliyopatikana kinyume cha sheria inaweza kupingwa mahakamani.

Zanzibar, Mji Mkongwe ulipewa mamlaka yake ya uhifadhi mwaka 1985, na sheria ya 1994 ikaipa nguvu ya mipango na vibali, miaka sita kabla ya UNESCO kuutambua mji huo. Kuwa na mlango mmoja wa kubisha kunasaidia, japo hakumalizi. Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Jumba hilo halikuwa na mgogoro wa njia. Nalitaja kwa sababu moja: ukuta wa matumbawe hausubiri kikao kijacho. Mgogoro unaozuia ukarabati kwa miaka mitano unaweza kumalizwa na mvua za masika moja.

Nyumba ya kudhani

Tuchukue nyumba ya mfano, yenye ghorofa moja, iliyoachwa na babu. Mbele ina baraza inayotokeza sentimita 45. Nyuma ina nguzo ya kuegemeza. Ubavuni kuna ngazi ya saruji iliyojengwa miaka kumi iliyopita. Juu, wikio linaiunganisha na nyumba ya jirani, ambaye zamani alikuwa ndugu na sasa ni mtu mwingine kabisa. Warithi ni saba: wanne wako Lamu, wawili Mombasa, mmoja Muscat.

Jambo la kwanza halihusu mawe. Ni kujua nani anayeweza kutia sahihi. Familia nyingi hukimbilia kwa kadhi na mgogoro wote, nao husikitika wanaporudishwa. Ibara ya 170 ya Katiba inaipa mahakama ya kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kupelekwa hapo. Kadhi atasema warithi ni nani na fungu la kila mmoja ni lipi, lakini juu ya njia hana hukumu. Na bila hukumu hiyo ya mirathi, makubaliano yoyote na kaunti yatavunjwa na yule wa Muscat siku atakayorudi. Ikiwa nyumba ni wakfu, anayesema ni msimamizi wa wakfu. Na kama ni Mombasa, uliza tena, maana huko zipo nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Atapatana vipi juu ya mpaka wa ardhi isiyo yake?

Kisha, kupima. Sheria ya Usajili wa Ardhi inasema mahakama haisikilizi mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mpaka msajili wa ardhi auainishe kwanza. Kwa hiyo anayekwenda mahakamani kabla ya msajili amepoteza nauli. Siku ya kupima waitwe wote: warithi, jirani wa wikio, kaunti, Makavazi, mzee wa mtaa. Alama zitiwe ukutani mbele ya macho yao, na vipimo viandikwe vya njia nzima, si vya mbele ya nyumba hii peke yake. Mara nyingi hugundulika kwamba ukuta wa upande wa pili ndio uliosogea, au kwamba ramani imekosea kwa kiasi kile kile mtaa mzima, na mgogoro unaishia hapo hapo.

Tuseme haukuishia. Hapo kila kitu kipewe hukumu yake.

Ngazi ya saruji iondoke, kwa gharama ya mwenyewe. Kaunti ina uwezo wa kutoa notisi chini ya sheria ya mipango ya 2019, na asiyeridhika ana kamati ya rufaa. Hapa sioni pa kuhurumia. Aliyeijenga alijua.

Nguzo ndiyo yenye mtego. Ukiibomoa leo, ukuta unafuata. Kuna njia ya kuirudisha nafasi ya watu bila kuua nyumba, nayo huanzia juani, juu ya paa: ziba mvujo, badilisha boriti zilizooza vichwa, kisha ufunge ukuta wa nje na wa ndani kwa vyuma visivyoshika kutu vinavyopita katika unene wa dari na kushikwa na bamba kila upande. Ukuta ukisharudi kujishika, nguzo inapunguzwa taratibu, huku magogo ya kushikilia yakiwa tayari. Mpangilio huo hauna mkato. Mwenye nyumba akiambiwa "toa nguzo ndani ya siku 30" ameambiwa abomoe nyumba, hata kama barua haikusema hivyo. Na ziba zote ziwe kwa chokaa. Saruji juu ya matumbawe inayafungia maji ndani, na baada ya misimu michache tumbo linarudi.

Katika haya yote, nguzo ya kale yenyewe inaweza kuwa sehemu ya historia ya nyumba. Mkataba wa Venice wa 1964, unaofuatwa na wahifadhi, unataka michango ya vipindi vyote katika jengo iheshimiwe. Ikiwa njia inapitika, mimi ningeiacha.

Wikio libaki, bila mjadala mrefu. Kipimo chake ni kile cha Nawawi: mtu apite wima na mzigo wake. Kinachohitaji kuandikwa ni nani anatengeneza, maana nyumba mbili zikishakuwa za watu wawili, kila mmoja humsubiri mwenzake hadi boriti zinaning'inia. Wagawane gharama, na anayekataa kutengeneza asiwe na haki ya kumzuia mwenzake.

Baraza nayo ibaki, na hapa ndipo penye kiini cha shauri langu. Isibaki kwa kufumbiwa macho, wala kwa kukatiwa hati. Ibaki kwa leseni. Sheria ya Ardhi ya 2012 inairuhusu Tume ya Taifa ya Ardhi kutoa leseni ya kutumia ardhi ya umma isiyomilikishwa mtu, kwa muda usiozidi miaka 5. Mwenye nyumba alipe kitu kidogo, hata kama ni kidogo kiasi cha kutojaza mfuko wa mtu. Faida ya malipo si pesa. Kila stakabadhi ni ungamo lake kwamba mahali pale si pake. Anayekaa kwa ruhusa hawezi kesho kudai kwamba alikaa kwa nguvu zake. Umma unabaki na ardhi, mji unabaki na baraza, na mnunuzi anajua hasa anachonunua.

Leseni iwe na masharti yanayoendana na baraza ilivyo. Ya kwanza: ibaki wazi kwa yeyote kukaa. Baraza iliyowekewa uzio, friji ya soda, au meza za mkahawa imekwisha kuwa duka njiani, na leseni ife siku hiyo. Hili nalishikilia kwa nguvu, kwa sababu nimeona jinsi mambo yanavyokwenda katika miji yetu ya mawe: nyumba inageuzwa ya wageni, baraza inatiwa mito mizuri, na mzee aliyekaa hapo miaka arobaini anaangaliwa na mlinzi kama mtu aliyepotea njia. Kilichoihalalisha baraza mbele ya desturi ni kwamba ilikuwa ya mpita njia kadiri ilivyokuwa ya mwenye nyumba. Akiondolewa mpita njia, hakuna tena cha kutetea.

Sharti jingine ni lile ambalo watu huogopa kulitamka nyumba ikiwa bado imesimama: ikianguka, itajengwa upya wapi? Kisheria, kilichokuwa njiani kikianguka njia imejirudia. Kwa upande wa mji, ukuta mmoja ukirudishwa nyuma nusu mita, kichochoro kinapata pengo kama la jino, na kila atakayejenga baadaye atadai yake. Ningeandika hivi: ukuta wa mbele na baraza ya kale vijengwe pale pale vilipokuwa, kwa chokaa na matumbawe, kwa leseni ile ile, mradi mwenye nyumba alikuwa akiitunza; lakini kama aliiacha ioze ili apate kiwanja kitupu, leseni imekufa na anajenga ndani ya mpaka wake. Na iandikwe sasa, watu wangali wanasalimiana.

Wakishindwa kuelewana kabisa, ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini Katiba yenyewe inazitaka mahakama zihimize upatanisho, na inaitaka Tume ya Ardhi itie moyo njia za kienyeji za kumaliza migogoro. Kikao cha mtaa chenye ramani iliyopimwa, chenye fundi wa chokaa na chenye maafisa wote wawili kwa siku moja, kinaweza kufanya katika alasiri mbili kazi ambayo mahakama itaifanya kwa miaka. Alasiri mbili, maana ya kwanza watu watagombana tu.

Katika kikao hicho kuna watu ambao mara nyingi husahauliwa: hamali, mwenye punda, na wale wanaobeba jeneza. Wao ndio wanaoijua njia kwa mabega yao. Kwa hiyo kabla sahihi hazijatiwa, ningeomba litolewe jeneza tupu la msikiti, libebwe na watu wanne mabegani kama linavyobebwa siku yenyewe, lipitishwe kichochoro chote, chini ya wikio, mbele ya baraza, hadi kwenye kona ile ya nguzo. Likigeuka bila kuinamishwa, mstari utiwe sahihi kama ulivyochorwa. Lisipogeuka, kona hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fundi.